Kikundi Hakina Mdomo

Siku ile ya mazishi ndipo nilipojua kwamba jambo letu halikwepeki tena. Tulikuwa tumesimama kihambani kwa marehemu, katikati ya migomba na kahawa, udongo umelundikwa kando ya kaburi, na manyunyu yanatulowesha mabega. Mchungaji akataja namba ya wimbo. Mwalimu akainua tarumbeta yake, nasi tukainua zetu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuanza kabla yake. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukatetemeka. Wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti ikakatika, ikatoka nyingine kama ya ndama anayemtafuta mama yake, kisha ukabaki upepo mtupu unaopita kwenye bomba la shaba. Sisi wa sauti ya pili, ya tatu na besi tuliendelea, lakini hakukuwa na kitu cha kushikilia. Waombolezaji wakaacha kuimba mmoja mmoja. Mjane akageuza kichwa, akatutazama.

Tulipomaliza tulishuka njiani, kila mtu na ala yake begani. Mwalimu alitangulia. Hakuna aliyemwambia pole, kwa sababu kumwambia pole kungekuwa kukiri kwamba tumesikia.

Niseme kwanza yeye alikuwa nani kwetu. Hakuwahi kufundisha shule. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mwenye ng'ombe wa maziwa bandani, kama wengi huku Machame. Tulimwita Mwalimu kwa sababu karibu kila mtu katika bendi ya tarumbeta ya usharika wetu alifundishwa naye kushika ala, kubana midomo na kusoma noti. Mimi alinipokea nikiwa msichana wa shule ya msingi, wakati wazee wa kanisa walipokuwa wakisema tarumbeta ni kazi ya wanaume, mtoto wa kike ataharibu mapafu. Aliwauliza, mapafu hayo hayo yanapopanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani, nani huwa anayahurumia. Wakanyamaza. Nikaingia sauti ya pili, nikasimama kushoto kwake, na hapo nikabaki mpaka nikawa mtu mzima mwenye duka la pembejeo mjini Moshi. Siku za wiki nauza mbegu na dawa za mifugo. Jumamosi mchana nafunga, napanda mlimani kwa mazoezi, nalala nyumbani kwetu, na Jumapili nasimama kushoto kwa Mwalimu.

Miaka ya karibuni meno yake ya mbele ya juu yalianza kumwacha. Asiyepiga tarumbeta hudhani pumzi ndiyo kila kitu. Kumbe midomo inahitaji pa kuegemea, na pa kuegemea ni meno. Alikwenda mjini akawekewa ya bandia, yakawa yanateleza kila anapobana. Jumapili nyingine yalitulia, tukashukuru. Jumapili nyingine hayakutulia, tukapiga kwa nguvu zaidi ili kumfunika. Tulimfunika kwa muda mrefu bila kuambiana kwamba tunamfunika.

Hata hilo lilikuwa ni uamuzi, nadhani sasa, ila hatukuwahi kuuita hivyo. Bendi yetu haikuwa na desturi ya kuamua. Mwalimu alikuwa akisema, "Naona kwenye sikukuu tupige wimbo huu. Mnaonaje?" na sisi tunajibu, "Ni sawa." Asiyekubali alikohoa. Mwalimu akisikia kikohozi, alitazama chini kidogo, kisha wiki iliyofuata alikuja na wimbo mwingine kama vile ni wazo lake. Tulikuwa na mwenyekiti, fundi wa magari, mpiga besi, mtu mnene mwenye roho nzuri, lakini kazi yake ilikuwa kufungua kikao kwa sala na kukifunga kwa sala. Katikati alikuwepo Mwalimu.

Wiki chache baada ya mazishi yale, familia nyingine iliyofiwa ilialika bendi ya usharika wa jirani. Wao ni waumini wa kanisani kwetu, nyumba yao inaonekana kutoka mlangoni pa kanisa. Hawakutuambia kitu. Tulisikia tarumbeta za watu wengine zikilia kwetu, mimi nikiwa nimekaa jikoni kwa mama yangu namenya ndizi.

Siku hiyo hiyo ujumbe uliingia kwenye kundi la bendi la WhatsApp. Mwalimu hakuwemo kwenye kundi hilo. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na tangu kundi lianzishwe mmoja wetu alikuwa akimpa taarifa kwa mdomo. Mwenyekiti aliandika: "Ndugu zangu, tukutane gereji kwangu Jumamosi kabla ya mazoezi. Kuna jambo la maendeleo ya kikundi." Chini yake vikapangana vidole gumba. Niliweka na mimi changu. Hakuna aliyeuliza ni maendeleo gani, na hakuna aliyejitolea kwenda kumwambia Mwalimu.

Tulikaa kwenye matairi ya zamani na kwenye benchi la mbao, gari moja limefunguliwa boneti mbele yetu. Mwenyekiti akaomba. Kisha akasema, "Mnajua kilichotuleta," akanyamaza.

Aliyefuata alikuwa mzee wa tromboni, mstaafu wa idara ya misitu, mtu mwenye maneno mengi na sauti ya kubembeleza. "Mwalimu ni mzazi wetu," alisema. "Mzazi hasahauliki. Lakini na mzazi naye huchoka, na mtoto mwenye akili humwona mzazi amechoka kabla hajasema."

"Kweli," wakasema wengine.

"Ni suala la heshima yake," akasema mwingine.

"Apumzike kwa heshima."

"Kikundi nacho kinahitaji damu changa."

Hivyo hivyo, kwa muda mrefu. Mimi nilikaa, nikasimama, nikaenda kuangalia injini ya lile gari kana kwamba nina nia ya kuinunua, nikarudi kukaa. Nilikuwa nikisubiri mtu aseme sentensi moja tu: Mwalimu hawezi tena kupiga sauti ya kwanza. Haikusemwa. Walisema kupumzika, walisema mlezi wa kikundi, walisema kila jambo na majira yake. Nami sikuisema. Niliibana mdomoni, mguu wangu ukawa unapigapiga sakafu mpaka aliyekaa jirani akaniwekea mkono gotini.

Mwishoni mwenyekiti akasema, "Basi tunakubaliana Mwalimu awe mlezi. Sauti ya kwanza aichukue kijana wetu." Kijana mwenyewe, dereva wa bajaji pale njia panda, aliyekuwa akimsaidia Mwalimu sauti ya kwanza kwa nyuma, alikuwa amekaa mwisho kabisa akitazama viatu vyake. "Kuna mwenye neno?"

Mtu mmoja akakohoa, na mwenyekiti akakichukulia kikohozi kuwa ni kikohozi tu.

"Limepita. Wa kumpelekea habari ni mimi, mzee wetu wa tromboni, na wewe dada."

"Kwa nini mimi?" niliuliza.

"Wewe ni kama binti yake. Likitoka kwako halitamuuma."

Jioni ile baada ya mazoezi nilijaribu kukumbuka nani hasa alikuwa ametaka Mwalimu aondolewe. Nilipitia kila sura, kila kauli. Sikumpata mtu. Jambo lilikuwa limeamuliwa na watu wote, na hakuna hata mmoja aliyelitaka kwa jina lake.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda. Nyumba ya Mwalimu iko upande wa juu wa kanisa, unapanda kijinjia kinachofuata mfereji. Mkewe alitupokea uani, akatukaribisha ndani, na kabla hatujakaa vizuri nikasikia sufuria. Alikuwa amepika machalari, ndizi na nyama, kana kwamba alituotea. Mwalimu alitoka chumbani akiwa bado na koti la kanisani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmenikumbuka."

Tulikula. Mzee wa tromboni akauliza habari za ng'ombe. Ng'ombe mmoja alikuwa amekataa majani ya migomba, tukalijadili hilo kwa kina, nami nikaulizwa dawa, nikataja. Mwenyekiti akazungumzia mvua zilizochelewa, halafu kahawa, halafu barabara inayochimbwa na maji kila msimu. Mwalimu alikula polepole, akitafuna upande mmoja. Kila palipotokea kimya, mimi na mwenyekiti tulitazamana, na kila mmoja akaona mwenzake ndiye mwenye zamu. Nilijiambia, akimaliza kunywa maji nitasema. Akamaliza. Nikajiambia, mama akitoa sahani.

Mama akatoa sahani. Mwalimu akainuka akaleta tarumbeta yake. "Nimepata wimbo kwa ajili ya sikukuu ya mavuno," alisema. "Sikilizeni." Akatupigia palepale sebuleni. Ilikatika mara mbili. Alishusha ala, akasogeza meno kwa ulimi, akatabasamu. "Bado naupasha."

"Utakaa sawa tu, Mwalimu," alisema mzee wa tromboni.

Mwenyekiti akatazama saa yake ya mkononi. "Mwalimu, sisi tulikuja kukuona tu, na kukuambia kwamba kikundi kinakuthamini sana. Kazi uliyoifanya ni kubwa. Tunakuona wewe ni zaidi ya mpigaji. Ni mlezi wetu."

"Aika," alisema Mwalimu. Ahsanteni.

"Basi tuombe."

Tukafumba macho, mwenyekiti akaomba sala ndefu iliyogusa wagonjwa, wasafiri na serikali. Tulipofika nje ya geti alipumua kama mtu aliyetua mzigo. "Ameelewa," akasema.

"Ameelewa nini?" niliuliza. "Tumemwambia nini?"

"Dada, mtu mzima haambiwi kila kitu," alisema mzee wa tromboni. "Hukusikia neno mlezi? Mwenyekiti amesema mlezi. Mzee mwenye akili hulipokea neno hilo na kulifungua mwenyewe."

Nilitaka kurudi ndani. Niligeuka kabisa, nikamwona mke wa Mwalimu akifagia uani pale tulipokanyaga na matope, nikageuka tena nikawafuata. Usiku ule kwenye kundi iliandikwa: "Tumefika kwa Mwalimu. Amepokea vizuri." Vidole gumba vikapangana. Changu sikukiweka, lakini sikuandika chochote pia, na kwenye kundi kunyamaza na kukubali havitofautiani.

Wiki zile mpaka sikukuu ya mavuno sikutulia. Dukani nilipanga rafu upya, nikahamisha dawa za kuku upande wa mbegu na mbegu upande wa dawa za kuku, wateja wakawa wanauliza vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao. Nilikuwa nikichukua simu kumpigia Mwalimu, naona jina lake, naiweka chini. Kwenye mazoezi alikuja mara moja tu, mara nyingine alizuiwa na mafua, na siku alipokuja, kijana wa bajaji alipiga taratibu nyuma yake kama kawaida. Wote tukaona mambo yamekaa. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua kitu asichokijua yeye.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, magimbi, kuku waliofungwa miguu, vyote vikisubiri mnada baada ya ibada. Kijana wa bajaji alikuwa amevaa suti na amesimama mahali pa kiongozi, kwa sababu mwenyekiti alimwambia asimame hapo. Mwalimu akaingia na tarumbeta yake, akamkuta. Akadhani kijana amekosea, akamgusa bega kwa upole, akasimama mbele yake.

Mchungaji akataja wimbo. Mwalimu akaanza. Na kijana, aliyekuwa amefanya mazoezi wiki nzima na kuambiwa kwamba jambo limepita, naye akaanza, haraka kidogo kuliko Mwalimu. Sauti za kwanza zikawa mbili zinazofukuzana. Nusu yetu tulimfuata mmoja, nusu mwingine. Waumini waliimba maneno machache, wakasita, wakanyamaza, na katika kanisa lile lote akabaki kuku mmoja akilalamika mbele ya madhabahu. Mwalimu alishusha tarumbeta. Hakumtazama kijana. Aligeuka akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, na nikaona anaanza kuelewa. Mchungaji akauanzisha wimbo kwa mdomo, watu wakaimba bila sisi.

Baada ya ibada, wakati nje mnada umeanza na dalali anawatania watu wapandishe bei, Mwalimu alituita kwenye chumba cha mazoezi. Alifunga mlango mwenyewe.

"Nani ameamua?" aliuliza.

"Ni kikundi, Mwalimu," alisema mwenyekiti.

"Kikundi hakina mdomo. Mdomo unao wewe. Na wewe. Na yule." Hakupaza sauti. "Nataka mtu aniambie. Mwenyekiti, uliamua wewe?"

"Mimi nilikuwa naendesha kikao tu."

"Wewe?"

Mzee wa tromboni alikuna shingo. "Mimi niliona wenzangu wamekubaliana, Mwalimu. Sikutaka kuvunja umoja."

Akaendelea kuzunguka. Mmoja alisema alifika amechelewa. Mwingine alisema yeye ni mgeni kwenye kikundi, ingawa alikuwa nasi tangu mwanawe wa kwanza hajazaliwa. Kijana wa bajaji alisema kwa sauti ya chini, "Mimi niliambiwa nisimame." Nilikuwa wa mwisho, kwa sababu nilikuwa kushoto kwake kama siku zote. Nilimwona akinigeukia, na ilikuwa nafuu, baada ya wiki zote zile, kuulizwa.

"Mimi, Mwalimu," nilisema. "Mimi nilitaka. Sauti imekuwa ikikatika. Msibani ilikatika, na hata kabla ya hapo. Nasimama karibu nawe, naisikia kabla ya wote. Huwezi tena sauti ya kwanza."

Mwalimu aliiinamisha tarumbeta, akabonyeza kile kifuniko kidogo cha chini, akamwaga matone ya maji sakafuni, akaifuta kwa kitambaa, akailaza kwenye kasha lake. Alifunga vifungo vyote viwili.

"Aika," aliniambia. Akatoka. Tulimwona dirishani akipita katikati ya watu wa mnada, mtu anamwonyesha jogoo, naye anapunga mkono hapana.

Nilidhani wenzangu watapumua. Badala yake walinigeukia. "Ulikuwa na haraka ya nini, dada?" alisema mwenyekiti. "Mambo haya yana namna yake," alisema mzee wa tromboni. Jumapili iliyofuata Mwalimu hakuonekana kanisani, wala iliyofuata. Mazoezini watu wakapungua. Niliposalimia wengine walijibu wakiangalia pembeni, na nikasikia kwa mama yangu kwamba inasemwa mlimani kuwa mimi ndiye niliyemtoa Mwalimu kwenye bendi. Jambo lililokosa mwenyewe lilikuwa limempata mwenyewe.

Mjini nilikuwa silali vizuri. Nilianza kutembea asubuhi kabla ya kufungua duka, natoka nyumbani hadi barabara ya stendi, nazunguka, narudi, nagombana na watu kichwani. Wakati mwingine nilijihesabia haki, wakati mwingine niliona nimemvua mzee nguo mbele za watu. Sikupata pa kusimama.

Siku moja mke wa Mwalimu akaingia dukani. Nilimwona mlangoni na kapu lake, nikatoka nyuma ya meza kumwamkia. Aliitikia. Alitaka dawa ya minyoo kwa ajili ya ndama. Nilimfungia. Akalipa, akaweka dawa kwenye kapu, hakuondoka.

"Hukukosea kusema," alisema. "Ulikosea mahali."

"Mama, tulikuja nyumbani."

"Mlikuja mkala." Alisema bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa. "Mimi nilipika kwa sababu nilijua mtakuja na jambo. Niliwapa nafasi. Nilikaa jikoni nikisubiri kusikia sauti ya Mwalimu ikibadilika. Haikubadilika, nikajua mmeshindwa."

"Mama, ulijua?"

"Naishi naye. Namsikia kila siku." Akashika kapu lake. "Na mimi sikumwambia. Nilingoja nyie."

Alipotoka nilikaa kwenye kigoda nyuma ya meza na mteja aliyeingia alinikuta hapo, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi hiyo mwenyekiti aliitisha kikao kingine, safari hii kwenye chumba cha mazoezi. Alifungua kwa sala na kusema kwamba baada ya kutafakari wameona Mwalimu aombwe kurudi. "Kweli," wakasema. "Ni mzazi wetu," wakasema. Niliona vichwa vikitikisika vile vile vilivyotikisika gereji, kwa mwendo ule ule, na jambo ni kinyume chake kabisa. Nikasimama.

"Naomba kitu kimoja," nilisema. "Kila mtu aseme lake. Tuanze na aliyejiunga mwisho, tumalize na wazee. Na mtu asiseme, 'Kama alivyosema mwenzangu.'"

Mwenyekiti hakupenda. Alisema tutakesha. Lakini kijana wa bajaji, ambaye hakuwahi kuzungumza kikaoni, alisema, "Mimi nakubali," na kwa kuwa sauti ya kwanza ilikuwa yake, wakamwachia.

Alisimama. Alisema hakutaka nafasi ile. Aliogopa. Alisema Mwalimu alikuwa akimfundisha mambo ambayo bado hajayamaliza, na tulipompa kiti tulimnyang'anya mwalimu. Kisha mama mmoja wa sauti ya tatu akasema yeye anaona Mwalimu asirudi kupiga, na alisema hivyo wazi, akakaa. Mwingine akasema arudi, hata akikosea, kanisa si mashindano. Mwingine akasema hajui, na kwa kweli hajui. Kikohozi cha gereji nacho kilipata maneno yake: kilikuwa cha mtu aliyetaka kusema tumwite Mwalimu palepale, akaogopa kuonekana mkorofi. Tulikuwa tumetofautiana tangu mwanzo, karibu kila mtu na lake, na tulikuwa tumesema kwamba tumekubaliana.

Mzee wa tromboni alikuwa karibu wa mwisho. Safari hii hakuwa na maneno mengi. Alifungua mdomo, akatuonyesha kwa kidole jino la juu. "Hili linatikisika," alisema. "Nilipokuwa pale kwa Mwalimu nilikuwa naona mimi ndiye ninayekuja kuambiwa. Ndiyo maana niliongea habari za ng'ombe."

Mwenyekiti alitazama mikono yake yenye grisi isiyotoka, akasema yeye anaona twende wote, tumwambie Mwalimu haya haya, kila mtu lake, halafu tumsikilize.

Tulipanda kijinjia kile kwa mstari, mchana ule ule. Mke wa Mwalimu alipotuona uani hakupika. Alitoa viti na mabenchi, akakaa nasi. Tukasema, mmoja mmoja. Wengine mbele yake walisema kidogo kuliko walivyosema chumbani, lakini walisema. Mwalimu alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini, bila meno, maana alikuwa ametoka shambani na shambani hakuyavaa.

"Sasa nimesikia," alisema tulipomaliza. "Na mimi niseme langu. Nilikuwa nimejiwekea Pasaka. Nipige alfajiri ya Pasaka, kisha nimkabidhi kijana. Nilitaka kuichagua siku mwenyewe. Hilo tu."

"Na sisi ungetuambia, Mwalimu," alisema mzee wa tromboni.

Mwalimu alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha ufizi mtupu, na mkewe akageuza uso upande wa banda ili asionekane naye anacheka. "Kweli," alisema. "Na mimi nilifanya kikao peke yangu."

Tulimwomba arudi mpaka Pasaka. Alikataa. Alisema si kwa hasira. Alisema tarumbeta ameshaifunga, na kijana aje nyumbani siku za katikati ya wiki kumalizia alichobakiza. Alipokuwa akitusindikiza getini alinishika mkono, akaushika kwa muda, bila kusema neno. Sijui mpaka leo kama ulikuwa msamaha au ilikuwa kwaheri ya kawaida. Nimeufikiria mkono ule mara nyingi, na kila mara naufasiri tofauti.

Amerudi kanisani, anakaa benchi la katikati upande wa wanaume. Na kumbe anaimba. Miaka yote niliyosimama kando yake sikuwahi kuisikia sauti yake ya kuimba, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine. Ni sauti nene, yenye mikwaruzo, na ina mwendo wake, wa taratibu kuliko wa kijana. Wanaomzunguka humfuata yeye. Benchi la mbele yake nalo humfuata. Ubeti wa pili unapofika, nusu ya kanisa iko naye na nusu iko na bendi, na kijana wa bajaji, jasho likimtoka, anageuka kunitazama mimi kuuliza twende na nani.

Jumapili nyingine namwashiria kwa bega apunguze mwendo, tunamngoja Mwalimu. Jumapili nyingine natikisa kichwa, tunaendelea, na kanisa linatukimbilia. Mzee wa tromboni anasema ingefaa tukae tulizungumze. Mwenyekiti anasema tutapanga siku.